Pua ya Boti ni Saa Sita

Kazi ya Bi Pumzi ilikuwa kutazama maji mpaka mmoja wao achoke, na kwa miaka ishirini na moja maji hayakuwahi kuchoka. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa jingine, lakini hata fundi viatu aliyefanyia kazi chini ya nyumba yake hakulijua. La Pumzi alipewa na wageni. Kila msimu wa nyangumi alisimama mbele ya boti ya watalii, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye kipaza sauti, na nyangumi alipoibuka akatoa ule mvuke mweupe unaopanda kama wa birika lililosahauliwa jikoni, yeye alikuwa wa kwanza kuita: "Pumzi, saa saba!"

Wageni wapya walitazama saa zao. Ikambidi awaeleze kila asubuhi, kwa maneno yaleyale, kwamba pua ya boti ni saa sita, mkono wa kulia ni saa tisa, nyuma kwenye moshi ni saa kumi na mbili, na kushoto ni saa tatu. Wakaitikia wote, wakaelewa nusu, na pumzi ya kwanza ilipoitwa nusu yao wakageukia upande usio na kitu. Zamani jambo hilo lilimchekesha. Siku hizi alisubiri tu wageuke.

Alijua mengi, hilo hata maadui zake hawakubisha. Nyangumi wa nundu akizama huku ameinua mkia wote hewani, anakwenda chini kweli, na nahodha anaweza kunywa chai yake taratibu. Akizama bila kuonyesha mkia, hayuko mbali, kaa chonjo. Akilala ubavu na kupiga maji kwa pezi moja refu, pengine anaita wenzake, pengine anajiburudisha. Akisimama wima kichwa nje, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani, basi ndivyo hasa anavyofanya. Madume wakifukuzana nyuma ya jike mmoja, pumzi zao huwa fupi na kali, na hapo hupitishi boti katikati, kama usivyojitia katikati ya ndugu wanaogombea shamba la urithi. Pomboo nao wakija kucheza mbele ya boti hawajaja kusalimia watu, wanapenda tu kusukumwa na maji bila kutoa jasho. Mgeni mmoja kila safari aliuliza kwa nini nyangumi wanaruka. Watafiti wenyewe hawajakubaliana, lakini jibu hilo halipendezi kwenye kipaza sauti, kwa hiyo Bi Pumzi alisema, "Mwulizeni, akishuka."

Kulikuwa na tendo moja tu ambalo hakulifanyia mzaha. Nyangumi anayepiga mkia, puu, puu, puu, mahali pamoja, bila kwenda popote. Huenda ni dume anayejitangaza. Huenda ni mama anayesema ondokeni. Mkia wenyewe hauna tofauti, tofauti iko pembeni yake: kuna mtoto au hakuna? Akiwepo mtoto, sheria ni mita mia tatu na injini itulizwe, na anayeamua ni mwangalizi. Nahodha hasogezi boti hata kidogo mpaka mwangalizi aseme "sogea". Bi Pumzi aliwahi kumwona nyangumi mwenye makovu tisa ya panga la injini mgongoni, yamepangana sawasawa kama yamepimwa kwa rula, na siku ile alieleza wageni habari za pomboo tu, za nyangumi zikamshinda.

Sasa tatizo la Bi Pumzi lilikuwa hukohuko pembeni.

Lilianza misimu miwili nyuma, bila kubisha hodi. Alijigonga kwenye stuli iliyokuwa palepale tangu ahamie. Alipishana na watu sokoni wakamwambia amewapita kama hawajui. Akadhani ni uzee, na uzee hauna wa kushtakiwa. Daktari wa macho alimmulika kwa taa yake ndogo, akamwambia ni presha ya macho.

"Kilichopotea pembeni hakirudi, mama. Tutalinda kilichobaki katikati kwa dawa ya matone."

"Katikati naona?"

"Katikati unaona vizuri kuliko mimi."

Bi Pumzi alilichukua neno hilo moja akaliacha lile jingine mezani kwa daktari. Na kwa kweli, kila mwaka waangalizi walipopimwa kwenye ofisi ya leseni, ubao wa herufi ulitundikwa ukutani mbele ya uso, na yeye alizisoma zote mpaka ule mstari wa chini ambao karani mwenyewe huusogelea. Hakudanganya hata herufi moja. Hilo ndilo lililomponza, maana mtu aliyefaulu mtihani nani atamwambia amefeli?

Alichofanya ni kuifanyisha shingo kazi ya macho. Kulia, katikati, kushoto, katikati, safari mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, hadi shingo ikawa inalia kama bawaba ya mlango wa zamani. Jioni alijipaka dawa ya misuli, vyumba vyake viwili vikanukia hospitali. Hakumwambia mtu. Mume alikwishatangulia, watoto hakujaliwa. Juu ya kibanda cha fundi viatu alikuwa mjane mwenye jiko moja na redio moja, lakini kwenye boti alikuwa Bi Pumzi, na watu walitoka mbali kuja kumsikia. Akishuka botini, angebaki nani? Swali hilo lilimchosha kuliko shingo.

Nahodha wa boti alikuwa mume wa marehemu mdogo wake. Walifanya kazi pamoja tangu binti wa nahodha akinyonya, wakataniana kwa haki ya ushemeji mpaka wageni wakadhani wanagombana. Binti mwenyewe sasa alikuwa chuoni, akiishi kwa Bi Pumzi kwa kuwa ndiko karibu, na ndiye aliyemwandikia fomu za kila siku: saa ngapi, wangapi, wanafanya nini. Fomu hizo zilikwenda kwa watafiti.

"Walioruka?" binti aliuliza, kalamu mkononi.

"Mmoja. Mara tatu."

"Waliopiga mkia?"

"Hakuna."

"Watoto?"

"Weka sufuri."

Binti hakuandika. "Mama Mkubwa, hii sufuri ni ya misimu miwili."

"Sasa unataka nizae mimi?"

Binti alicheka kwa sababu alipaswa kucheka, akaandika sufuri. Bi Pumzi aliondoka akajifanya anatafuta chumvi.

Kesho yake mtafiti alipiga simu. Alikuwa mwanamke mwenye adabu nyingi, wa kuzunguka mbuyu kabla ya kufika. Alisifu mwandiko wa fomu. Alisifu idadi. Kisha akasema boti nyingine tatu za eneo hilohilo zinaandika watoto kila wiki, na boti yao haijaandika hata mmoja. "Tunashindwa kuelewa, dada. Au nyie mnapita bahari nyingine?"

"Nitaangalia," Bi Pumzi alisema, na neno lenyewe likamuuma mdomoni.

Alielewa palepale, simu ikiwa bado sikioni. Watoto walikuwepo. Mtoto wa nyangumi ana pumzi ndogo, fupi, haipandi juu, na hukaa ubavuni kwa mama. Wote walikuwa saa tatu na saa tisa. Kwa misimu miwili alikuwa amewapita akina mama wale na kusema kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake nzuri, kwamba huyu yuko peke yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua sana, aliwahi hata kuwatolea wengine. Akapanga kumwambia mwenye boti msimu ukiisha. Zilibaki wiki mbili, na wiki mbili ni nini kwa mtu aliyekwishavumilia miaka?

Siku ya tatu bahari ilitulia kabisa. Wageni walikuwa arobaini, wengi upande wa kushoto kwa sababu upande huo haukuwa na jua, na pomboo kama kumi walikuwa wakichezacheza pale. Shingo ya Bi Pumzi iliamka vibaya asubuhi hiyo. Kugeuka kushoto kulikuwa kama kugeuza kufuli lenye kutu, na tangu watoke bandarini alikuwa amegeuka mara nyingi bila faida. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala vibaya, ni ule wa mtu anayebeba kitu ambacho hawezi hata kumwonyesha mwenzake apumzike kidogo.

"Pumzi, saa sita," aliita.

Mbele kabisa, nyangumi mkubwa alikuwa akipiga mkia. Puu. Akatulia. Puu. Puu. Katikati ya macho yake Bi Pumzi aliona kila kitu: weupe wa chini ya mkia, kingo zilizochanika, maji yakiruka pande mbili. Hakuona mtoto.

Wakati huohuo, kushoto kwake, mama mmoja mtu mzima aliyevaa kofia pana alisema, "Huyu pomboo hapa mbona mkubwa hivi?"

Hapo ndipo alipotakiwa kugeuza shingo. Alijua. Alisema baadaye kwamba aliisikia shingo yenyewe ikimwambia, na akaiomba imsamehe mara hii moja. Aliinua kipaza sauti bila kugeuka, akasema pomboo hupenda kufuatana na nyangumi, na mkubwa huyo pengine ndiye kiongozi. Wageni wakafurahi kumjua kiongozi.

"Shemeji," nahodha aliuliza kutoka kwenye usukani. "Vipi huyo wa mbele?"

"Dume, anajitangaza. Yuko peke yake. Sogea."

Boti ikasogea. Puu, puu, puu, sasa bila kupumzika. Nyangumi akaacha kupiga, akageuka akaja moja kwa moja kuelekea boti, na Bi Pumzi akaanza kuwaza kwamba dume gani huyu anayeacha tangazo lake katikati. Ndipo akaisikia. Kushoto, chini, karibu sana, pumzi ndogo: pfu. Ikarudia baada ya muda mfupi. Pomboo hapumui hivyo, pumzi yake hukatika haraka. Hii ilikuwa ya kitoto, yenye majimaji, ya mtu ambaye bado anajifunza kupumua.

"Zima," alisema.

Hakupiga kelele. Nahodha alisema baadaye kwamba sauti ile ndiyo iliyomtisha, kwa kuwa haikuwa ya mtu aliyeamua, ilikuwa ya mtu anayeomba. Injini ikanyamaza, lakini boti haina breki, ikaendelea kuteleza. Bi Pumzi aligeuza shingo yote, na mabega, na kiuno. Akamwona. Mtoto wa kijivu, urefu wa gari dogo, mikunjo ya kuzaliwa bado haijanyooka mwilini, amegusana na ubavu wa boti na anateleza kuelekea nyuma, kule panga la injini liliko. Alikuwa amewaacha pomboo akaja kuishangaa boti. Na mama yake sasa alikuwa amefika upande wa kulia, boti imejipachika katikati yao.

Panga lilikuwa likimalizia mizunguko yake. Bi Pumzi alihesabu makovu ambayo hayakuwepo bado. Moja, mbili, tatu. Hakuwa na la kufanya, maana mwangalizi kazi yake ni kusema, na alikwisha kusema. Mtoto akafika nyuma. Maji yakapindapinda. Kisha mama akapita chini ya boti, wote wakauona unyayo wake, ule mduara laini kama mafuta unaobaki juu ya maji nyangumi anapopiga mkia chini, ukafuata mwingine, boti ikainuka kidogo na kushuka. Upande wa kushoto mama akaibuka, mtoto yuko juu ya mgongo wake, mzima, ngozi haina hata mkwaruzo.

Wageni wakapiga makofi. Yule mama wa kofia alilia kwa furaha, akamshika Bi Pumzi mkono, akamwambia hajawahi kuona upendo kama ule. Mama na mtoto waliondoka polepole bila kuinua mkia, na Bi Pumzi hakusema neno jingine kwenye kipaza sauti mpaka bandarini. Wageni wakadhani ni heshima.

Walipokwisha kushuka wote, alikaa kwenye benchi la nyuma. Nahodha alikuwa akikunja kamba.

"Shemeji, sikumwona."

"Najua."

"Sisemi leo tu. Pembeni sioni. Msimu wa pili huu."

Nahodha aliendelea kukunja kamba iliyokwisha kukunjwa. "Najua," akarudia. "Uliacha kuita saa tisa. Ukaacha saa tatu. Ikawa kila nyangumi wako yuko saa sita, saa tano, saa saba. Nikawa nakuelekezea pua. Nikiona pumzi pembeni nazungusha usukani taratibu, anakuja mbele yako, unaita. Leo wageni walijazana kushoto, na mimi sikuona."

Misimu miwili Bi Pumzi aliamini kwamba bahari, kwa sababu ya miaka yake yote pale, ilikuwa inamletea nyangumi mbele ya uso. Aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hasira.

"Na watoto? Hao uliwaona?"

"Wachache. Niliwapitia mbali. Nilijiambia labda na wewe umewaona, wewe ndiye unayejua."

"Kwa hiyo ulijua, ukaniacha niongee."

"Ningekuambiaje, shemeji? Mimi nilikuja kwenye boti hii sijui pumzi wala povu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia. Nikuambie huoni?"

"Ndiyo. Hivyohivyo. Maneno mawili." Akajifuta uso kwa kanga. "Huruma yako na kiburi changu, leo vingeua mtoto wa watu."

Nahodha aliweka kamba chini, akaangalia viatu vyake.

Ofisi ya mwenye boti ilikuwa ghorofani, juu ya chumba cha tiketi. Feni ilizunguka bila kupuliza, na tajiri alikuwa na simu mbili mkononi, zote zinaonyesha picha ileile: mtoto kwenye mgongo wa mama.

"Bi Pumzi, leo umenitoa kimasomaso. Wageni wamenishukuru mimi, mimi niliyekuwa hapa nakunywa soda. Kesho wamejaa safari zote mbili, na wote wanataka hii. Uwapeleke karibu vilevile."

"Ile ilikuwa ajali, tajiri. Tuliingia kati ya mama na mtoto. Sikumwona mtoto."

"Hata bora. Imeonekana ya asili."

"Sikiliza. Pembeni sioni. Nina ugonjwa, hauponi. Shemeji ndiye amekuwa akinionea."

Tajiri aliweka simu moja mezani. Alifikiri, na hakuwa mtu mbaya, alifikiri kwa wema wake wote. "Basi tatizo liko wapi? Yeye aendelee kuona, wewe uendelee kusema. Sauti kama yako nitaipata wapi? Nani ataijua tofauti?"

Hapo kila kitu kilikuwa mbele yake, katikati kabisa, mahali anapoona vizuri. Boti yake, jina lake, wageni wake wa kesho. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna hata aliyemlaumu. Angeitikia kwa kichwa tu, na angekuwa Bi Pumzi mpaka kaburini. Alitamani sana kuitikia, tusidanganyane.

"Yule mama aliijua," alisema.

"Mama yupi? Wa kofia?"

"Mwenye mtoto. Alituambia tuondoke mara kumi na kitu, kwa mkia, na mimi nikawatafsiria wageni kwamba anajitangaza." Akaweka leseni yake juu ya meza, karibu na simu. "Leo ndiyo mwisho wangu, tajiri."

"Umechoka. Kalale. Kesho saa kumi na mbili nakusubiri."

"Kuchoka nimechoka kweli," alisema, akatoka.

Ngazi ya nje ilikuwa ya chuma, imesimama sana, na ilishuka mpaka gatini. Kwa misimu miwili aliishuka kwa kuhesabu kimoyomoyo, kichwa juu, ili mtu asimwone anapapasa kwa mguu. Chini watu wa boti nyingine walikuwa wanaosha vyombo vyao, na wote walimfahamu. Nahodha alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, kofia mkononi.

"Amesemaje?"

"Amesema niendelee."

"Na wewe umesemaje?"

Bi Pumzi alisimama palepale juu. Alijaribu kuanza kuhesabu, namba zikamkataa.

"Panda huku unishike mkono, shemeji," alisema, kwa sauti ile ya kipaza sauti, gati zima likasikia. "Ngazi siioni."